Chumvi ya Kila Kanisa

Gari lilikuwa limekwisha kuuacha mji wa Yerevani nyuma, jua likiwa bado linajinyoosha, ndipo bibi Zaruhi alipogundua kwamba hawaendi wanakokwenda. Kijiji cha Sevakar kiko kusini, na mtu aendaye kusini mlima Ararati humkalia mkono wa kulia. Sasa ulikuwa umemkalia mkono wa kushoto, mweupe kileleni, unamtazama kama jirani aliyezijua habari zako kabla yako.

"Seyran," alisema, "umepotea njia au umepotewa na akili?"

"Shangazi jan, kipenzi, tulia," akajibu mtoto wa kaka yake, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukitafuta miwani ya jua. "Leo tunatembea. Kwanza kanisa, halafu magofu ya Zvartnots, halafu tunateremka makanisa mojamoja mpaka kijijini. Nimepanga kila kitu."

"Nani alikuomba utembee? Mimi nilikuomba unifikishe."

"Sasa si nitakufikisha? Melina hajawahi kuiona nchi yake."

Melina, mke wa Seyran, aligeuka kutoka kiti cha mbele akatabasamu. Alizaliwa Amerika kwa wazazi waliotoka Beiruti, na Kiarmenia chake kilikuwa kile cha zamani cha magharibi, kitamu na chenye adabu, kama cha marehemu bibi ya mtu. Nyuma kabisa alikaa Tatul, mjukuu wa Zaruhi, amemkumbatia kondoo dume mweupe aliyefungwa utepe mwekundu kwenye pembe. Kondoo akapiga chafya shingoni mwa Tatul. Tatul akajifuta.

Kondoo huyo ndiye aliyekuwa safari yenyewe. Wengine wote walikuwa mizigo. Tatul alipokuwa mpakani na mizinga inalia, Zaruhi alipiga magoti jikoni, mikono ina unga, akamwahidi Mtakatifu Sargis wa Sevakar kondoo dume asiye na kilema iwapo mtoto atarudi. Mtoto akarudi na miguu yake na mikono yake, ila maneno aliyaacha mengi hukohuko. Na kesho alfajiri angeondoka tena, kwa basi, kwenda Krasnodar kupachika vigae kwenye nyumba za Warusi. Ahadi ni deni, na kwao mtu hasafirishwi akiwa na deni la mbinguni shingoni. Jirani mwenye lori aliyekuwa awapeleke alivunjikiwa ekseli usiku wa kuamkia safari. Akabaki Seyran na gari lake la kukodi, lenye viti vya ngozi.

"Kondoo hukatwa kabla jua halijazama," Zaruhi alimkumbusha. "Nyama hupelekwa nyumba saba, na haisubiri kesho. Ukinichelewesha, umemchelewesha Tatul, si mimi."

"Ni mwezi wa sita, shangazi. Jua la mwezi wa sita halina haraka."

Mwenye gari ndiye mwenye siku.

Seyran huyu aliondoka nchini kijana, akisema hapa kuna mawe tu na mtu hali mawe. Akaenda Kalifonia, akauza magari yaliyokwishatumika kwa watu waliokwishatumika, akanenepa shingo. Sasa amepanda ndege mbili, akavuka bahari, kuja kuyapiga picha mawe yaleyale.

Kwenye kanisa la kwanza aliingia mikono mitupu, akatoka na pakiti nzima ya chumvi, kilo moja, iliyobarikiwa na padri.

"Ya nini hiyo?" Zaruhi akauliza. Alifungua ncha ya kitambaa chake cha kichwa akamwonyesha fundo. "Chumvi ninayo. Imebarikiwa tangu Pasaka. Kondoo hupewa punje chache, mara moja tu, palepale anapokatwa. Si mlo huo."

"Iwe akiba, shangazi jan. Baraka haiozi."

Huko Zvartnots nguzo zilikuwa zimesimama duara kwenye nyasi, ndefu, zimechongwa tai, na hazikubeba kitu isipokuwa hewa. Zaruhi alizitazama mara moja. Aliwajua wanaume wa namna hiyo mtaani kwake. Akatafuta jiwe, akakaa, akazipa mgongo, akamenya yai. Nyuma yake alimsikia Seyran akisema na simu yake kwa sauti ya mtu anayeuza: "Ndugu zangu, hapa tulipo, karne ya saba!" Kisha vicheko. Kisha Tatul akaja akasimama kando yake.

"Bibi."

"Usiniambie. Nguzo nazijua."

"Si nguzo, bibi. Ni..."

"Nimesema nazijua. Kula yai."

Tatul, aliyekuwa amefundishwa jeshini kutorudia neno, akala yai.

Kule Khor Virap, kanisa lililokaa juu ya kilima ukingoni mwa Uturuki, wauza njiwa waliwavamia kabla mlango wa gari haujafunguka. Unanunua njiwa, unanong'ona dua, unamrusha kuelekea Ararati. Melina alirusha, machozi yakamlengalenga. Njiwa alizunguka paa la kanisa, akatua kwenye tundu la mwenyewe, akasubiri mteja mwingine.

"Huyo njiwa ana dini kuliko sisi," Zaruhi alisema. "Haachi kwao."

Seyran alitaka kushuka shimoni. Mtakatifu Grigori alifungwa humo miaka kumi na mitatu, na ukitaka kuona giza lake unapita tundu jembamba sakafuni halafu unateremka ngazi ya chuma. Miguu ya Seyran ilipita. Kiuno kilipita kwa kuombwa. Tumbo likakataa. Akabaki amekwama kama kizibo, kichwa juu, simu mkononi. Nyuma yake watalii wa Kirusi wakapanga foleni, wakaanza kutoa ushauri.

"Toa pumzi!" Melina alimwambia.

"Nimetoa!"

"Mtakatifu aliingia kwa sababu alikuwa hajala," Zaruhi akasema toka mlangoni. "Msubirini na huyu. Miaka kumi na mitatu hivi atapita."

Walimvuta makwapa watu watatu. Suruali yake nyeupe ilitoka na alama ya mviringo, na siku ilitoka na saa nzima pungufu. Naye, ili kuirudisha heshima yake, alimtafuta padri na pakiti ile ile, akaibarikisha upya. Zaruhi alipofika garini alimkuta kondoo analamba midomo, ndevu zake nyeupe zimekuwa nyeupe zaidi.

"Umempa."

"Kidogo tu, shangazi. Kiganja."

"Na kule kwenye nguzo?"

Seyran akavaa miwani.

"Ndiyo niliyotaka kukwambia, bibi," akasema Tatul.

Zaruhi alimfuta kondoo ndevu kwa kiganja. "Seyran, mwana wa kaka yangu, sikia. Kondoo huyu nilimwahidi mtakatifu mmoja, kijiji kimoja. Wewe unamtembeza kama bibi harusi, kila nyumba anaonjeshwa. Akifika kwa Sargis, Sargis atasema nini? Atasema, mmeniletea masalia?"

"Shangazi, fikiri kwa akili. Baraka moja ni nzuri, baraka tano si nzuri mara tano? Kule kwetu tungeita huduma kamili."

"Kule kwenu wapi? Baba yako alizaliwa kitanda kimoja na mimi, mama alituwekea gogo katikati tusipigane. Kwenu ni Sevakar. Ukimpa tena hata punje moja, nakwambia mbele ya huyu mkeo, nitakulisha wewe utepe."

"Haya, haya. Nimeapa."

Kiapo hicho kilidumu mpaka chakula cha mchana. Walikula mishikaki na mkate wa lavashi njiani, Seyran akasimama kutoa maneno ya heri kwa kila glasi, kwa wazazi, kwa mawe, kwa Kalifonia, kwa njiwa, na alipokaa jua lilikuwa limeanza kutazama upande mwingine.

"Twende," Zaruhi alisema.

"Noravanki tu, shangazi. Iko njiani."

Ilikuwa njiani kama jicho lilivyo njiani kwenda sikioni. Gari likaingia korongoni, miamba myekundu pande zote mbili, mpaka lilipotokea kanisa la orofa mbili. Ngazi yake ya kupandia orofa ya juu iko nje, imechomoza ukutani, nyembamba kama rafu, haina pa kushika. Wenye akili huitazama. Melina akaipanda. Alipanda vizuri, kama paka, akafika mlango wa juu, akageuka kupungia mkono, akaona chini. Basi. Akakaa kizingitini, akakumbatia nguzo, akafumba macho.

Chini watu walijaa, kila mmoja na lugha yake, wote wakimfundisha kushuka. Seyran alifundisha kwa sauti kubwa kuliko wote, akiwa amemwelekezea simu.

"Nishikie kondoo," Tatul alimwambia Seyran, akampa kamba. Kisha akapanda. Alikaa naye kizingitini muda mrefu, akimweleza jambo asilolisikia mtu wa chini, huenda maneno mengi kuliko yote aliyokuwa ameyasema tangu arudi. Kisha wakashuka kinyumenyume, yeye akitangulia, akimwekea mguu mmojammoja kwa mkono wake. Zaruhi alisimama chini, mkono kinywani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na neno baya kwa mtu. Alikuwa anamtazama Tatul tu. Kwa hiyo hakumtazama Seyran.

Seyran naye, amechoka kushika kamba, alikuwa amegundua kwamba kondoo humfuata mtu mwenye chumvi bila kuvutwa. Akamfungulia pakiti, akamwekea chini, kondoo akala mpaka karatasi. Halafu kondoo akaona hodhi la maji ya chemchemi. Aliinamisha kichwa, akanywa, akanywa, akanywa kama anayetaka kuona chini ya hodhi kuna nini.

"Ana kiu, maskini," alisema Seyran, na alijiona mtu mwema.

Walipoanza kupanda barabara ya Sevakar, tumbo la kondoo lilikuwa ngoma. Alisimama, akalala, akasaga meno. Jicho lake lilikuwa linamtazama Tatul na halimwoni.

"Bibi, kichwa chake kinatetemeka."

Zaruhi aligeuka. Aliona utepe, aliona povu, aliona kipande cha karatasi ya pakiti kwenye ndevu. Hakupiga kelele. Sauti yake ilishuka, na waliomjua wangejua hiyo ndiyo mbaya.

"Akifa mwenyewe ni mzoga. Mzoga hauwi sadaka. Endesha."

Seyran akaendesha. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuona kitu cha kupiga picha.

Gari haliwezi kufika lilipokuwa kanisa la Sevakar. Njia ya juu ni ya mbuzi. Barabara inakomea kwenye kona chini ya kilima, mbele ya zizi refu la ng'ombe. Hapo wakamshusha kondoo. Alipiga hatua, akazunguka duara kama mlevi anayetafuta mlango, akaanguka. Jua lilikuwa limebakiza upana wa mkono juu ya mlima.

"Mbebeni," Zaruhi aliamuru.

Tatul akamshika mbele, Seyran nyuma. Walimwinua, kondoo akajikaza mwili mzima, miguu ikanyooka kama ya meza, macho yakapinduka. Wakamweka chini haraka.

"Tukimpandisha atatufia njiani, bibi," Tatul alisema. Akaitazama njia, akamtazama bibi yake. "Acha tu. Nitakwenda hivyohivyo."

Maneno hayo, "hivyohivyo", yalimchoma Zaruhi kuliko chumvi yote ya Seyran.

Mlango wa zizi ukalia. Akatoka mzee na fimbo, kofia ya sufu kichwani wakati wa joto. Alikuwa Mushegh, mwenyekiti wa zamani wa shamba la ushirika, na ndiye aliyeamuru, siku za ushirika, kanisa la Mtakatifu Sargis libomolewe ili lipatikane jiwe la kujengea zizi. Mamake Zaruhi alimlaani mchana kweupe mbele ya trekta. Zaruhi mwenyewe, tangu ujana wake, hakuwa amempa salamu wala kukanyaga ua wake. Kila alipokuja kijijini kuwasha mshumaa kilimani alipita kona hii na uso umegeukia bondeni.

"Zaruhi," alisema mzee. "Bado hujafa?"

"Nakungoja utangulie, ukawashe moto huko."

"Kondoo wako ana nini?"

"Amepewa dini nyingi."

Mushegh aliinama akamtazama kondoo na chumvi ndevuni, akaitazama suruali ya Seyran yenye alama ya shimo, akaelewa. "Ana robo saa huyo. Huyo hafiki kanisani."

Zaruhi akainua macho kuelekea kilimani. Alikijua kilichoko juu: sakafu, magugu, mti wa aprikoti uliojiotea palipokuwa madhabahu. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa linapiga upande huo na hapakuwa tena na pa kugeuzia uso, akaliangalia zizi. Hakuwahi kuliangalia. Mawe yake yalikuwa yaleyale ya rangi ya asali. Jiwe moja lilikuwa na msalaba uliochongwa ukalazwa kiubavu. Jingine lilikuwa na zabibu. Kizingiti cha juu cha mlango wa ng'ombe kilikuwa na maandishi, yamegeuzwa miguu juu.

"Mushegh," alisema, "ulibakiza jiwe lolote kule juu?"

"La nini? Nilikuwa na ng'ombe mia mbili."

"Basi kanisa halipo juu. Juu kuna magugu. Kanisa unalo wewe, umelifungia ng'ombe." Akafungua fundo la kitambaa. "Lete kisu. Na sufuria kubwa, kama hujaiuza."

"Shangazi," Seyran akanong'ona, "hapa? Kwenye mavi?"

"Wewe kimya. Leo umeona makanisa yote mazuri. Umebakiza nini zaidi ya simu?"

Walimzungusha zizi mara tatu, kama inavyotakiwa. Kondoo hakuweza kutembea, kwa hiyo Tatul na Seyran walimbeba kwenye blanketi la Mushegh, polepole, bila kumtikisa. Melina alifuata nyuma, viatu mkononi, akikanyaga samadi bila kutazama chini, na Zaruhi mbele akisema Baba Yetu kwa hasira. Ng'ombe watano waliobaki waligeuka ndani ya madirisha wakawafuata kwa vichwa. Mzunguko wa tatu, Zaruhi akagusisha punje za chumvi kwenye ulimi wa kondoo. Kondoo aligeuza kichwa, ameikinai. Zaruhi alimfungua kinywa akaziingiza kwa kidole. Mushegh akakata. Kidole cha Zaruhi kilichovya damu kikachora msalaba kwenye paji la Tatul, na ukingo wa jua ulikuwa bado upo. Wote waliuona, hata Seyran.

Nyama ilichemka uani kwa Mushegh, katika sufuria ya ushirika, Zaruhi amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, katika ua alioapa asiukanyage. Sevakar ilikuwa imebaki na moshi wa nyumba chache. Tatul na Melina walipeleka nyama nyumba kwa nyumba, wakarudi.

"Sita, bibi. Nyingine zina makufuli."

Zaruhi aliwaza. Alimtazama mbwa wa Mushegh, alilitazama gari. Kisha akachota bakuli, akaongeza mfupa wenye uboho, akasimama kwa kushika goti, akavuka ua mpaka kibarazani alipokaa mzee.

"Kula. Si kwa ajili yako."

"Najua," alisema Mushegh. Akatafuna kwa meno aliyokuwa nayo, taratibu, akameza. Akaliinua bakuli akalinusa.

"Imezidi chumvi," alisema.

Tatul akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na kiganja chake kilikuwa kimeangukia msalaba ule uliolala kiubavu. Zaruhi hakucheka. Alimwambia mzee anyamaze ale, na kwamba mtu aliyelaza mifugo kanisani hana ulimi wa kuonjea.

Alfajiri Tatul alipanda basi. Yuko Krasnodar mpaka leo, anapachika vigae, hupiga simu Jumapili, ameoa msichana wa Kigiriki wa hukohuko. Seyran alirusha picha zake: nguzo, njiwa, miamba myekundu. Za zizi hakurusha. Bado anauza magari. Melina alirudi mwaka uliofuata peke yake, akakaa Sevakar wiki mbili, akasafisha maandishi ya kizingiti kwa mswaki; ni jina la mtu aliyetoa kinu chake kwa kanisa. Ilikuja kamati kutoka mjini, ikapima kilima, ikala, ikaondoka. Mushegh alikufa majira ya baridi ya mwaka huo. Ng'ombe waliuzwa. Zaruhi ana nyonga mbaya na hasafiri. Majirani wakipanga kwenda kuona magofu humwuliza kama anakuja, naye huwauliza kama kwao hakuna.